Muamala Umesoma, Muamana Je?

Boti ya Pemba ikikaribia kuondoka katika bandari ya Malindi, Unguja, watu wasiosafiri huanza kuzipekua nyuso za wanaosafiri. Mama mmoja humchagua kijana asiyemjua, humsogelea na kumuuliza: "Mwanangu, unashukia Mkoani?" Kijana akiitikia, furushi lishahama mkono. "Basi nichukulie amana hii. Utapokewa hapo hapo gatini." Jina haliulizwi, kitambulisho hakitolewi, risiti haiandikwi. Kinachobaki kati ya wawili hao ni neno moja tu, amana, na tangu enzi za majahazi neno hilo limevusha halua, dawa, barua na fedha za mahari kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Nalipenda neno hili kwa ukaidi wake. Huwezi kwenda dukani ukanunua amana. Furushi lilipokuwa mkononi mwa mama lilikuwa furushi, ndani mna dawa ya kifua na vitenge viwili. Lilipokabidhiwa kijana likawa amana, na litakapopokewa Mkoani litarudi kuwa dawa na vitenge. Amana ni jina la safari, la ule muda ambao mali ya mtu imo mikononi mwa mwingine na haijawa yake. Na benki walipoihamishia amana kwenye vitabu vyao hawakukosea: fedha zako zilizoko benki umeziweka mikononi mwa mwingine ukitarajia kurudishiwa, na Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana kwa ajili ya siku ambayo kijana wa boti hakushuka Mkoani.

Asili yake ni Kiarabu. Mzizi una konsonanti tatu, hamza, mimu na nuni, na sisi tumeuchuma mpaka tukapata ukoo mzima: amani, imani, amana, amini, muumini, na ile amina tunayofungia dua. Maana iliyoko chini kabisa ni kuwa salama, kutokuwa na hofu. Ndiyo maana mtoto aitwaye Amani na dada yake Imani ni ndugu hata kabla hujauliza baba yao nani. Tahadhari moja kwa wapenda mizizi: imamu na maamuma hawamo katika ukoo huu, ingawa sura zao zinashawishi. Hao wametoka mzizi wa jirani, wenye mimu mbili na wenye habari za kutangulia na kufuata. Niliwahi kumsikia msomi mmoja akiwaunganisha jukwaani, na ukumbi mzima ukapiga makofi, mimi nikiwemo, kwa sababu nilikuwa bado sijui.

Tuanze na kitenzi. Kiswahili kikishachukua neno la ugenini hulivisha viambishi, na viambishi vikishaingia huanza kufanya kazi ambazo mwenye neno hakuzituma. "Naamini" ni kauli ya kichwani: naamini mvua itanyesha, naamini timu yetu itafunga. Sema "namwamini", na sentensi imeshuka kifuani. Sasa kuna mtu. Naweza kuamini kila analosema jirani yangu na bado nisimwamini. Naweza pia kumwamini ndugu yangu hata siku ambayo siamini neno lake hata moja. Umbali wote huo umebebwa na kiambishi kimoja kisicho na uzito. Kwa hiyo anayeandika "ninaamini katika wewe" amekiacha kiambishi cha bure nyumbani akaenda kukopa kihusishi.

Kauli ya kusababisha nayo imepata tabia mbaya. "Kuaminisha" ilitakiwa iwe kazi njema, kumfanya mtu aamini. Lakini sikiliza inavyotumika: tumeaminishwa kwamba barabara ingekwisha mwaka jana, wananchi waliaminishwa kuwa bei itashuka. Sijapata kumsikia mtu akisema "nimeaminishwa" huku anatabasamu. Lugha imeshatoa hukumu yake kimya kimya: imani inayotengenezwa na mtu mwingine ina dosari, na kitenzi chake kinanuka. Vijana wa Nairobi wao wameichukua "aminia", wakaivua kiambishi cha nafsi na cha wakati, wakabaki na kelele safi ya kushangilia. Rafiki kafaulu mtihani: Aminia! Sina ugomvi nao.

Kuna dada wa amini aitwaye sadiki. Yeye katoka mzizi wa ukweli, na sadaka ni nduguye: kitu unachotoa kikashuhudia kwamba moyo ni wa kweli. Zamani masikio ya pwani yaliwatenga hawa wawili vizuri. Habari husadikiwa, mtu huaminiwa. Shaaban Robert alipoipa nchi yake ya angani jina la Kusadikika, katika kitabu kilichotoka 1951, alichagua kitenzi cha habari, akakitia kauli ya kutendeka. Ni nchi ambayo masimulizi yake yanaweza kukubalika kuwa kweli. Jaribu kuiita Kuaminika na utaona mzaha wote umekufa; hiyo ingekuwa nchi ya kukopesha.

Imani ina maisha mawili, na hapa Kiswahili kimefanya jambo ambalo Kiarabu hakikulifanya. Kwetu mtu mwenye imani ni mwenye huruma. "Alimpiga mtoto bila imani." "Huyo mama ana imani sana, hawezi kula wewe ukalala njaa." Kwamba moyo unaoamini ndio unaohurumia, hilo tumelitia ndani ya neno bila kumwomba mtu ruhusa. Matatizo huanza neno linapoingia bungeni. Ibara ya 53A ya Katiba ya Tanzania inaruhusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Marehemu bibi yangu, aliposikia redioni kwamba baadhi ya wabunge hawana imani na mkubwa fulani, aliuliza kawakosea nini hata wasimhurumie. Tulicheka. Siku hizi nahisi bibi aliisoma kura hiyo vizuri kuliko sisi.

Sasa tufike penye pengo. Kijana wa boti ana uaminifu. Mama wa gatini ana nini?

Uaminifu ni sifa ya anayeaminiwa. Kiishio kile cha -fu humkalia mtu mwenye tabia: mwaminifu, msahaulifu, mkunjufu. Kwa hiyo ofisi inapoandika kwamba inataka "kujenga uaminifu wa wananchi kwa serikali", imesema kwamba wananchi ndio wezi na wanafundishwa kuacha. Walichokusudia ni kinyume chake: wananchi waiamini serikali. Kosa hili nimelikuta katika ripoti za mashirika, katika matangazo ya mikopo, hata katika mahubiri. Wanaolikwepa hukimbilia imani, na imani imeshajaa dini na huruma. Au hukimbilia "kuaminiana", ambalo ni zuri ila linadai pande mbili. Mama wa gatini hajaaminiwa na mtu. Yeye ameamini tu. Kile alichonacho kifuani boti inapong'oa nanga hakina jina katika Kiswahili cha ofisini.

Nasema cha ofisini kwa sababu wazee wa Unguja na wa mwambao wanalo neno. Husema: "Yule hana muamana." Yaani usimwachie kitu chako, usimtume, usimshuhudishe. Muamana ni wa ukoo ule ule wa hamza, mimu na nuni. Wanalitumia zaidi kwa yule anayeaminiwa, nakiri, lakini sikiliza linavyokaa: mtu hazaliwi na muamana kama anavyozaliwa na pua. Anapewa na wenzake, na akiutumia vibaya wanamnyang'anya. Ni akiba yake iliyowekwa katika vifua vya watu wengine. Hapo ndipo ninapotaka tulisukume kidogo: muamana wa wananchi kwa mahakama, muamana wa mgonjwa kwa daktari, muamana uliovunjika kati ya ndugu wawili. Neno lipo, lina mdomo wa pwani, na halijachakazwa na semina.

Na lina bahati ya kufanana na pacha asiye ndugu. Muamala, kwa lamu badala ya nuni, umetoka mzizi wa kazi, ule uliotupa amali. Zamani ulikuwa jina la namna watu wanavyotendeana: "ana muamala mzuri na majirani." Leo umehamia simuni. Tangu huduma ya M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007, kisha ikavuka mpaka, muamala umekuwa ujumbe mfupi unaolia mfukoni. Muuzaji anakuuliza, mkono bado umeshika kilo ya nyama: "Muamala umesoma?" Na wingi wake tumeufanya miamala, kana kwamba mu- ile ya Kiarabu ni ngeli ya mti na miti, kosa tamu, lisiguswe. Ila tazama kilichotokea. Muamala ulipokuwa tabia, ulihitaji muamana ili uende. Ulipokuwa ujumbe wa simu, muamana ukasahaulika. Muuzaji haangalii tena uso wa mnunuzi, anaangalia kioo. Konsonanti moja imebadilika, na soko zima limebadilika nayo.

Kariakoo ya Dar es Salaam, hata hivyo, bado ina sehemu ambayo simu haijaimaliza. Inaitwa mali kauli. Mwenye duka la jumla anampa mfanyabiashara mdogo marobota, naye ataleta fedha akishauza. Hakuna hati. Kuna mali na kuna kauli, maneno mawili yamesimama bega kwa bega bila hata kiunganishi, na sijui istilahi ya uchumi iliyoundwa kwa ustadi kuliko hiyo. Hapo kauli yako ndiyo mtaji. Misafara ya karne ya 19 nayo ilikwenda bara kwa mali ya kukopa. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, hakuondoka na mali yake peke yake, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, na bidhaa zikatangulia miaka kabla ya pembe kurudi.

Matajiri wa namna yake walikuwa na neno lao, nasi tunalo: itibari. "Hana itibari sokoni." Kwa Kiarabu neno hili linaelekea kwenye kuzingatia na kutafakari. Katika Kiurdu na Kihindi linamaanisha kuamini hasa. Itibari yetu imekaa upande wa Bahari ya Hindi, upande wa duka, kwa hiyo ningeirudisha dukani. Siku hizi kampuni za mikopo ya simu zinampa kila mtu alama za ukopaji, na magazeti yanahangaika kuzieleza kwa sentensi ndefu. Ziitwe alama za itibari. Mkopeshaji anakupima itibari yako. Ukichelewa kulipa, itibari inashuka. Hata yule anayetoa ile mikopo ambayo mitaa ya Dar es Salaam imeiita kausha damu ataelewa, ingawa yeye hana haja ya itibari. Anachukua kadi yako ya benki na namba yake ya siri.

Hapo tumeingia kwenye nyumba ya neno kubwa kuliko yote katika jambo hili, neno linalokula chakula cha wenzake: dhamana.

Kwanza tulitenge na majirani zake. Ukiweka rehani, kitu chako kinakwenda na fedha zinakuja. Uswahilini wanasema kuweka bondi, na kinachokwenda mara nyingi ni simu au redio. Ukiweka amana, kitu chako kinakwenda na hakuna kinachokuja isipokuwa neno. Katika dhamana anakwenda mtu. Anasimama mbele ya hakimu na kusema, huyu akikimbia, nikamateni mimi kwa kiasi hiki. Dhamana huzaliwa mahali ambapo muamana umeishia. Wahenga waliiona mapema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ile kamba ndiyo dhamana. Hakuna anayemfunga kuku aliyeanguliwa uani kwake.

Mahakama zenyewe zinalijua hili na zimetunga sharti ambalo nalipenda kama fumbo: mshtakiwa awe na wadhamini wawili wanaoaminika, wenye barua za serikali ya mtaa. Mshtakiwa haaminiki, kwa hiyo atafutiwe mdhamini. Mdhamini naye lazima aaminike. Na kuaminika kwake kunathibitishwa kwa barua, yenye mhuri, wa mwenyekiti ambaye nadhani naye kuna mtu anamwamini. Dhamana hujaribu kuukimbia muamana na kila mara huukuta umekaa barazani unaisubiri.

Tatizo la dhamana ni wingi wa watoto iliowachukua kulea. Mtu mmoja anaweza kuamka akawa mdhamini wa nduguye mahakamani, mchana akahudhuria kikao cha bodi ya wadhamini wa shule, jioni akaangalia mechi ya ligi yenye mdhamini mkuu. Kazi tatu, jina moja. Wa asubuhi anaweka shingo yake. Wa mchana anashika mali isiyo yake kwa ajili ya watoto wasiomjua. Wa jioni, ambaye ni kampuni, ananunua nafasi ya jina lake kwenye jezi. Huyo wa jioni sijui nimwiteje. Mfadhili ana fadhila, na kampuni haina fadhila bali ina bajeti. "Sponsa" ameharibika, waulize Nairobi watakwambia ni mzee gani huyo na analipia nini. Mwenye jina linalofaa anisaidie.

Kwa wa mchana sina shaka. Anayeshika mali kwa ajili ya wengine ni mshika amana. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa Tanzania ana bodi nyingi za namna hiyo katika madaftari yake: za misikiti, za makanisa, za klabu. Wajumbe wa bodi hizo hawamdhamini mtu. Hawakusimama mbele ya hakimu. Wamekabidhiwa kiwanja na jengo na wameambiwa watunze. Ukiwaita washika amana, unawakumbusha kila kikao kwamba jengo ni la mwingine. Ukiwaita wadhamini, unawapa fahari ya watu waliotoa kitu, na baada ya miaka kumi wanaanza kuamini kwamba walikitoa.

Udhamini wa aina hiyo tuliuonja kama nchi. Kuanzia 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Mwingereza akiwa mtawala, na New York kukawa na Baraza la Udhamini la kumkagua. Nchi haikuwa yake. Ilikuwa imewekwa mikononi mwake mpaka wenyewe waichukue. Ni maana ya amana kwa ukamilifu, lakini jina tulilolipa lilimgeuza mshika furushi kuwa mtu anayetufanyia hisani ya kutudhamini. Mwaka 1951 Wameru wa Ngare Nanyuki waliondolewa katika ardhi yao ili wapewe walowezi, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akasafiri hadi New York kuishtaki serikali kwa hao hao wakaguzi. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo kudai kile kile ambacho mama wa gatini angekidai: kitu chetu kifike tulikosema. Kama tungeiita nchi ya amana, madai yote yale yangekuwa na maneno mawili tu. Rudisha amana.

Na anayeila? Kinyume cha amana katika Kiarabu ni hiyana, na kwetu mzizi huo umezaa watoto wasiosalimiana. Mmoja ni hiana, mtu wa moyo mgumu, asiyetoa. Mwingine ni haini, na uhaini, ambao sheria imeuchukua ikaufanya kosa zito kuliko yote ya siasa. Mtu akishtakiwa kwa uhaini tunawaza bunduki na mapinduzi. Neno lenyewe linawaza kitu cha nyumbani zaidi: aliyewekewa akala. Sisi kwa kawaida husema tu "kala amana", kwa kitenzi cha chakula, na hakuna anayeuliza kwa uma au kwa mkono.

Nilikusudia makala hii ifikie kilele kwa kuirekebisha kauli mashuhuri. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU, chama cha Mwalimu Nyerere, kuna ile tuliyokaririshwa wote, kwamba cheo ni dhamana. Mpaka leo waziri huitwa waziri mwenye dhamana ya hili au lile. Nikasema hapa ndipo pa kumalizia kazi: cheo si chako, umewekewa, basi ni amana, na waliosema dhamana walisikia vibaya. Nikaanza hata kumwandikia mhariri barua.

Kisha nikamsikia mwalimu wa madrasa akieleza, katika darsa la biashara, mikono miwili ya fikihi. Kuna mkono wa amana na mkono wa dhamana. Mwenye mkono wa amana, kitu kikiharibika bila uzembe wake, halipi. Kijana wa boti, bahari ikimpokonya furushi, hadaiwi. Ataapa na mama atasema alhamdulillahi. Mwenye mkono wa dhamana hulipa kwa vyovyote, awe amezembea au hakuzembea. Na mfano wa kwanza wa mkono huo, alisema mwalimu, ni mnyang'anyi: alichokinyang'anya kikiungua hata kwa radi, atalipa.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kama cheo ni amana, waziri ana udhuru. Mvua ilinyesha, wasaidizi walinidanganya, mafaili yaliungua, sikuzembea. Kama cheo ni dhamana, hana pa kushika; radi ikipiga ghala, atalipa yeye, kwa daftari lile lile alimoandikwa mnyang'anyi. Sijui kama waliotunga ahadi zile walikuwa wanafikiria fikihi. Neno walilochagua lilikuwa kali kuliko nililotaka kuwapa, nami nikaichana barua. Waziri abaki na dhamana yake. Bodi ya shule ndiyo niiachie amana.

Kabla sijatoka sokoni kabisa, wakala. Huyu wa kibanda chenye mwavuli, anayekutolea fedha kwa namba ya siri, jina lake limetoka mzizi mmoja na wakili wa mahakamani, na mwakilishi wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na kutawakali, kule kumwachia Mungu yaliyokushinda. Wote wanne wamesimama juu ya wazo la kumkabidhi mwingine shauri lako. Inanifurahisha kwamba neno la mwisho la mja anapokwama na neno la kwanza la anayetaka kutoa elfu kumi ni ndugu. Yule wa kibandani tu ndiye anayekuandikia "mtandao hamna".

Na kijumbe. Akina mama wanaocheza mchezo wa fedha kila wiki, ambao wengine huuita upatu na Kenya huuita chama, humchagua mmoja wa kukusanya na kumpa wa zamu. Anaweza kuondoka na vyote usiku mmoja. Cheo chake kingeweza kuwa mhazini, katibu, mshika fedha. Wamemwita kijumbe, kwa ki- ya udogo, mtu wa kutumwa tu, na shughuli yenyewe wakaiita mchezo. Muamana ukiwa mkubwa sana labda ni adabu kuupunguza jina.

Maaminiano pia nililifikiria, kwa mfano wa makubaliano na maelewano, kwa pale ambapo pande zote mbili zinaaminiana kwelikweli. Kanuni inalikubali. Ulimi bado unagugumia kwenye zile a mbili za mwanzo. Lisemeni kwa sauti nyumbani mara tatu kisha mniambie.

Wiki iliyopita nilikuwa na vitu viwili vya kupeleka kwa shangazi yangu Pemba. Kimoja kilikuwa kikubwa, nikakipeleka ofisi ya mizigo. Wakakipima, wakakibandika karatasi, wakanipa risiti yenye namba. Kingine, dawa yake ya macho, nilimpa kijana mmoja foleni ya boti, mwenye begi la shule mgongoni na simu iliyopasuka kioo. Jioni shangazi akapiga. Mzigo umefika, alisema, ila umelowa pembeni. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Na amana yako nimeipata. Nimemng'ang'ania kijana anywe chai, kakataa, anawahi gari ya Chake."